Acheni Kutuokoa kwa Albadiri

Kama kurasa ni chache, punguza mashairi ya mapenzi, haya yangu yapite.

Nimeisoma hadithi ya toleo lililopita, ile ya kijana muuza duka aliyesingiziwa wizi wa fedha za mauzo. Nimeisoma mara mbili: mara ya kwanza nimesimama kwenye daladala, mara ya pili nimekaa nyumbani, nimekasirika. Mwandishi wake namjua. Ni mshikaji wangu, tunakaa kijiwe kimoja kila Jumamosi tukisomeana kazi zetu, kwa hiyo asidhani namwonea kijicho. Lugha yake safi. Lile duka nimeliona kwa macho, hata harufu ya sabuni za magadi nimeisikia. Lakini hebu angalieni alivyomwokoa kijana wake! Tajiri anaamua isomwe albadiri. Wazee wanaletwa, ubani unafukizwa, na kabla kisomo hakijafika katikati, mpwa wa tajiri anaanguka chini, anatetemeka, anakiri kila kitu. Kijana anaombwa radhi, anapandishwa cheo, anaoa. Mwisho.

La hasha, wenzangu! Sina ugomvi na dua, mama yangu mwenyewe ananiombea kila alfajiri na huenda ndiyo maana nipo. Ugomvi wangu ni na sisi tunaoandika. Nimekaa nikahesabu kazi zote tulizosomeana kijiweni zenye mtu aliyesingiziwa wizi kazini: hausigeli, karani, dereva, mlinzi. Wote wameokolewa na kitu kutoka nje. Huyu albadiri, yule mganga, mwingine mwizi wa kweli anakiri akiwa anakata roho hospitali, mwingine binti wa tajiri alimpenda. Hakuna hata mmoja aliyejiokoa kwa mdomo wake au kwa kalamu yake. Hakuna hata mmoja aliyeuliza, "Ushahidi wenu uko wapi?" Na sisi ndio tunajiita sauti ya vijana!

Najua tumeyatoa wapi. Tumelelewa na riwaya za upelelezi. Tangu Mohammed Said Abdulla alipomleta Bwana Msa na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, mwaka 1960, na Faraji Katalambulla akafuata na Simu ya Kifo mwaka 1965, tumezoea kwamba mambo yanakwisha mwovu anapopatikana. Nawaheshimu wazee hawa. Bila wao nisingetamani kuandika hata barua. Ila sisi wajukuu tumeokota kwao imani moja mbaya: kwamba asiye na hatia hawezi kuwa huru mpaka mwenye hatia akamatwe. Hapo ndipo panaponiuma, kwa sababu siku yangu ilipofika niliamini hivyohivyo. Nilipoteza wiki nzima nikijifanya Bwana Msa, kumbe sikupaswa kumtafuta mwizi. Nilipaswa kuangalia karatasi.

Ndiyo, mimi mwenyewe nimesingiziwa. Kijiweni sijawahi kusema, aibu. Leo nasema.

Mwaka 2022 nilikuwa msaidizi wa stoo katika duka moja la jumla la vifaa vya umeme, Kariakoo. Jina silitaji. Mshahara laki moja na themanini, chai ya saa nne juu ya tajiri. Kazi yenyewe: mzigo ukiingia nahesabu, nasaini deliveri, najaza kadi ya stoo, mzigo ukitoka nasoma risiti, natoa, najaza tena kadi. Mwisho wa mwezi wa nane wakahesabu mali. Kompyuta ikasema kuna roli 46 za waya wa mbili pointi tano. Stoo zilikuwapo 35. Roli 11 hazionekani, yapata laki tisa kwa bei ya wakati ule, yaani mshahara wangu wa miezi mitano. Roli 11 si kitu cha kutia mfukoni, lakini hilo hakuna aliyeliuliza. Funguo za stoo zilikuwa tatu: yangu, ya mwenzangu wa stoo, na ya meneja. Tulioitwa ofisini ni wawili.

Mlango ukafungwa. Simu zetu zikakusanywa. Alikuwapo tajiri, meneja, na jamaa mmoja mwenye jaketi ambaye tuliambiwa ni askari. Kitambulisho hakutoa, nasi hatukuthubutu kuomba. Juu ya meza kulikuwa na karatasi imeshachapwa kabla hatujaulizwa hata swali moja: mimi fulani, hapo pana vitone vya kujaza jina, nakiri kuhusika na upotevu wa waya roli 11, naomba radhi kwa uongozi, niko tayari kukatwa mshahara mpaka deni liishe. Wizi ulikuwa umeshapata mwandishi, ulikuwa unasubiri mhusika.

Na mjue, hawakufoka. Ninyi mnaoandika matajiri wanaopiga meza, nendeni mkasikilize vizuri. Tajiri aliongea kwa upole kama baba anayetaka kunituma sokoni. "Wewe bado kijana. Polisi utaharibikiwa. Weka saini tu hapa, yaishe, kesho uje kazini kama kawaida." Nilikuwa nimefungiwa mle tangu saa tatu, na sasa saa saba inapiga. Nilikuwa na kiu. Kalamu ilikuwa ya bluu, imetafunwa mwishoni, na nakiri mbele yenu kwamba niliishika. Si kwa kuwa nilikuwa na hatia. Nilitaka mlango ufunguliwe, basi. Mtu ambaye hajawahi kukaa kwenye kile kiti atauliza, "Kama hukuiba kwa nini usaini?" Anasaini kwa sababu saini ni sekunde mbili na kukataa hujui kutakwisha saa ngapi.

Mwenzangu alisaini. Alikuwa amenizidi miaka sita, mkewe mja mzito wa miezi minane, na ndiye aliyenifundisha ile kazi. Akanisogezea karatasi akasema, "Dogo, saini. Ni karatasi tu."

Ni karatasi tu! Baba yangu mdogo alikuwa katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi kiwandani enzi zake, na tangu nikiwa shule ya msingi alikuwa akirudia neno moja hadi tukamcheka: usisaini usichokiandika, usiandike usichokijua. Si ushujaa basi ulioniokoa, ni wimbo wa mzee ulionikaa kichwani. Nikasema, "Naomba karatasi tupu, niandike maelezo yangu mwenyewe."

Jamaa wa jaketi akacheka. Lakini wakanipa.

Wenzangu, nina daftari tatu za riwaya chini ya kitanda, na bado ule ukurasa mmoja ndio kazi bora niliyowahi kuandika. Hauna tamathali hata moja. Tarehe. Deliveri nilizosaini, kwa kumbukumbu yangu. Funguo ni tatu na nani anazo. Siku fulani umeme ulikatika karani akiwa katikati ya kuingiza mzigo kwenye kompyuta, na uliporudi alianza upya. Naomba deliveri ya siku ile ilinganishwe na kilichomo kwenye mashine. Sijachukua waya, sijui aliyechukua, wala sijui kama umechukuliwa. Tarehe, saa, saini. Nikaomba nakala, wakaninyima. Usiku ule nyumbani nikayaandika tena yote jinsi nilivyoyakumbuka, nikayapiga picha, nikamtumia meneja kwenye simu nikimwambia haya ndiyo niliyoyaandika leo mbele yenu. Hakujibu. Lakini zile tiki mbili zilionekana, na tarehe ipo mpaka leo.

Lile neno la kutokujua ndilo gumu kuliko yote. Ulimi unawasha kutaja mtu. Wanakuuliza, "Sasa kama si wewe ni nani?" na wewe unataka kuwasaidia, unataka kuonekana mtu mwema, unaanza, "Labda mlinzi wa zamu ya usiku..." Umeshamsingizia mwingine, na maneno yako yataandikwa. Kumjua mwizi si kazi ya mtuhumiwa. Hata Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 13(6), inakataza mtu aliyeshtakiwa kwa jinai kutendewa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa. Hilo ni la mahakama, najua. Lakini kazini nako, chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, mgogoro wa kuachishwa ukifika mbele ya wasuluhishi, anayetakiwa kuthibitisha kwamba kuachisha kulikuwa halali ni mwajiri. Mfanyakazi haambiwi athibitishe kwamba hakuiba. Soma tena sentensi hiyo, halafu rudi kwenye ile hadithi ya albadiri uone tulivyoigeuza dunia miguu juu.

"Kompyuta imesema." Meneja alirudia hilo mara nyingi, akinigeuzia skrini kama mtu anayeonyesha msahafu. Wakati ule sikuwa na jibu. Sasa ninalo, nalo linatoka Uingereza. Shirika la posta la kule lilikuwa na programu ya hesabu iliyoitwa Horizon, iliyotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Kuanzia mwaka 1999 programu hiyo ikawa inaonyesha upungufu wa fedha katika vituo vidogo vya posta, na waliokuwa wakiviendesha wakaambiwa wamekula. Hadi 2015 zaidi ya watu 900 walikuwa wametiwa hatiani, wengi wao kwa mashtaka yaliyofunguliwa na shirika lenyewe. Watu walifungwa, walifilisika, wengine walikufa kabla majina yao hayajasafishwa. Mama mmoja, Jo Hamilton, alipiga simu kuomba msaada, akafuata maelekezo aliyopewa, na upungufu ukawa mara mbili mbele ya macho yake! Mwishowe alikubali kosa la kuandika hesabu za uongo ili aondolewe shtaka la wizi. Alikubali, jamani. Na kila mmoja wao alikuwa akiambiwa kwamba tatizo hilo ni lake peke yake, wengine wote mashine yao haina shida. Desemba 2019 jaji wa Mahakama Kuu ya London akasema wazi kuwa programu ilikuwa na kasoro. Aprili 2021 hukumu 39 zikafutwa kwa mpigo, ya mama huyo ikiwamo, na mwaka 2024 Bunge lao likalazimika kupitisha sheria ya kufuta nyingine kwa mamia.

Hao ni watu wa Uingereza, wana mawakili na magazeti, na iliwachukua miaka ishirini. Wewe wa Kariakoo unayeambiwa kompyuta haidanganyi, uliza: nani aliingiza? Lini? Deliveri yake iko wapi? Mashine haidanganyi wala haisemi kweli. Inarudia ilicholishwa.

Sasa nirudi kwangu. Niliambiwa nenda nyumbani, tutakupigia. Mshahara ukasimama palepale. Nikaona ni sawa, mtuhumiwa atalipwaje? Kumbe kanuni za utendaji bora zilizotolewa mwaka 2007 chini ya sheria ile zinasema mwajiri anaweza kumsimamisha mfanyakazi wakati uchunguzi wa jambo zito unaendelea, lakini kwa malipo kamili. Baada ya siku nane, saa nne asubuhi, simu: njoo saa nane mchana kuna kikao cha nidhamu. Saa nne za kujiandaa! Kanuni zilezile zinataka uelezwe tuhuma kwa lugha unayoielewa na upewe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usiopungua saa 48. Zinataka uruhusiwe kuja na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzako. Zinataka uwahoji mashahidi wao na ulete wa kwako. Na zinataka kikao kiongozwe na mtu wa uongozi ambaye hakuhusika na jambo lenyewe. Mwenyekiti wa kikao changu alikuwa meneja. Ndiyo, huyohuyo mwenye ufunguo wa tatu.

Hapo ndipo tajiri alipotaja albadiri. Na mimi, mbele yenu nasema, nilifurahi! Nikasema isomwe hata sasa hivi. Niliyemwona anatetemeka ni karani wa kompyuta, binti mpole, mcha Mungu, ambaye nina hakika hajawahi kuchukua hata pipi. Anatetemeka kwa hofu tu, kama watu wengi wanavyotetemeka. Angeanguka siku ile, mshikaji wangu angemwandika kuwa ndiye mwizi. Haikusomwa. Nikaambiwa kazi basi, kwa mdomo, bila barua, tarehe 12 Septemba.

Nyumbani nilimkuta mama anachambua mchicha. Nikamweleza yote. Akanyamaza muda mrefu, akaendelea kuchambua, halafu bila kuinua uso akauliza, "Kweli hukuchukua, mwanangu?"

Sikuwa nimelia ofisini. Nililia pale. Mtaani walishaanza kuniita Waya. Mama mwenye nyumba alikuja kuuliza kodi ya miezi sita ijayo wakati ya mwezi ule haijaisha. Hayo yote nilikuwa nayamudu. Lile swali la mama sijalimudu mpaka leo, na simlaumu: maisha yake yote amesikia kwamba palipo moshi pana moto, nasi waandishi tumekuwa tukimwongezea kuni.

Baba mdogo ndiye aliyenitoa. Hakuniuliza kama nimeiba. Aliuliza, "Wamekuachisha lini?" Nikamwambia. Akahesabu kwa vidole. "Una siku thelathini, baba. Si thelathini za kazi, thelathini za kalenda. Acha kulia, vaa viatu." Kumbe aliyeachishwa isivyo halali anatakiwa kufungua mgogoro wake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Unajaza Fomu Namba 1, unampelekea mwajiri nakala, unabaki na uthibitisho kwamba ameipokea, unaipeleka Tume. Si lazima uwe na wakili. Nilifungua wa kwangu siku ya 24. Mkataba wa maandishi sikuwa nao, nikadhani hapo ndipo nitakapokwama. Kumbe kuandika masharti ya kazi ni wajibu wa mwajiri, na asipoweza kuyaonyesha, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye.

Kwenye usuluhishi walileta vitu viwili. Karatasi ya kompyuta, na lile tamko la mwenzangu, eti "mwenzake amekiri". Msuluhishi akauliza kama mimi nimekiri. Hapana. Akauliza kama niliandika lolote. Nikatoa simu. Akasoma ule ukurasa wangu taratibu, midomo ikicheza, kisha akamuuliza meneja: ile deliveri ya siku umeme ulipokatika mlilinganisha? Kimya. Tulimalizana palepale kwa hati ya makubaliano: mshahara wangu wa siku zile, mshahara wa mwezi mmoja badala ya notisi, likizo, na cheti cha utumishi. Jumla haikufika hata nusu milioni. Kazi sikurudishiwa. Baba mdogo alinisema wiki nzima kwamba nimekubali mapema, ningeacha twende kwenye uamuzi. Pengine ni kweli. Nilikuwa nimechoka, na kodi ilikuwa inadaiwa. Roli 11 hazijulikani ziliko hadi hii leo, kama ziliwahi kuwapo.

Mwenzangu sasa. Alirudi kazini kesho yake kama alivyoahidiwa. Mshahara wake laki mbili, akawa anakatwa elfu sabini na tano kila mwezi. Sheria inaruhusu kumkata mfanyakazi kwa ajili ya hasara pale tu hasara ilipotokana na kosa lake, baada ya kuelezwa kwa maandishi chanzo, kiasi na hesabu yake, na kupewa nafasi ya kupinga. Na makato hayo hayawezi kuzidi robo ya mshahara. Robo ya laki mbili ni elfu hamsini. Hakupinga. Angepinga vipi, alikuwa ameshaomba radhi! Baada ya miezi mitatu wakamwachisha. Alipokwenda kudai haki zake wakampeleka polisi, na kielelezo kilikuwa ile "karatasi tu".

Alilala selo siku mbili. Hapa niseme la polisi kwa kifupi, maana hadithi zetu zote njagu ni wa kupiga makofi tu. Ukikamatwa una haki ya kuambiwa kosa. Una haki ya ndugu au wakili kujulishwa. Zaidi ya jina na anwani, hulazimiki kujibu maswali mpaka akili itulie. Maelezo yako usomewe, uyarekebishe, ndipo usaini. Kwa kosa kama lile, saa 24 zikipita bila dhamana unatakiwa ufikishwe mahakamani. Na dhamana haiuzwi. Mwenzangu aliinunua. Mashtaka hayakufunguliwa, wala fedha hazikurudi. Alirudi kwao Korogwe na mtoto mchanga. Nikimpigia anapokea, anacheka, lakini ya kazi hatuzungumzi.

Najua atakayenijibu. Atasema wafanyakazi wa maduka wanaiba kweli. Naam, wanaiba. Nimemwona kwa macho mtu akitoka na soketi kwenye soksi. Mwenye mali ana haki ya kuchunguza, kuita polisi, kumwachisha mwizi. Saa 48 hazimgharimu tajiri hata shilingi, na kama ushahidi upo, hautayeyuka kwa siku mbili. Anayekataa kutoa siku mbili huwa anajua alichonacho mkononi ni kidogo. Mwingine atasema fasihi si darasa la sheria. Kweli vilevile. Sitaki mhusika anayetaja vifungu kama redio.

Ila hebu nifuateni hapa kama waandishi. Saa 48. Kijana ameambiwa anaweza kuja na mfanyakazi mwenzake mmoja akae naye kwenye kikao. Nani? Mlinzi ana watoto watano. Dereva wa kirikuu anadaiwa na tajiri. Karani wa kompyuta anakumbuka vizuri siku ile umeme ulipokatika, anakumbuka kabisa kwamba aliingiza mzigo mara mbili, na kila ukipita anaangalia chini. Saa zinakwenda. Unamfuata kituoni, unamsubiri, anapanda daladala nyingine. Mimi sikupewa hizo saa, nilipewa nne tu, na katika hizo nne niliwapigia watu sita simu. Mmoja alipokea. Akasema, "Kaka, nakuombea." Mpwa wa tajiri wa hadithi yenu ni mwovu wa rahisi mno. Mimi nimeachishwa kazi na watu wema waliokuwa na watoto wa kulisha, na kama kuna riwaya ndani ya stoo ile, basi ipo kwao.

Kwa hiyo, mshikaji wangu, nakuomba ukurasa ule uufute. Wazee wa kisomo waache waende zao na ubani wao. Mrudishe kijana wako ofisini, mlango umefungwa, saa saba mchana, kiu imembana, kalamu ya bluu mkononi. Mwache hapo kurasa kumi kama ana nguvu. Akisaini, tuonyeshe kwa nini. Asiposaini, tuonyeshe nani alimwimbia wimbo gani utotoni.

Jumamosi nipo kijiweni kama kawaida. Mwenye jibu na alilete kwa maandishi, na aweke saini yake.